Uzi: Ile ngozi ya kwenye majaruba ya chumvi, na bahari ya miaka bilioni 3.22 iliyobaki milimani Barberton

MwanaJaruba

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimekuwa nikiuahirisha tangu mwaka jana. Leo mvua imenifungia ndani huku Mbombela, Afrika Kusini, kwa hiyo vumilieni, ni mrefu.

Nimekulia Tanga, jirani na mashamba ya chumvi. Aliyecheza kwenye majaruba anajua ninachokisema: jaruba likikaa na maji wiki kadhaa bila kuguswa linaota utando chini. Unateleza kama bamia. Ukiubandua kwa kidole unatoka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka: juu kijani iliyokolea, chini yake mstari wa rangi ya waridi, halafu weusi unaonuka yai viza. Sisi tulikuwa tunaubandua na kurushiana. Bibi hakutaka hata tuingie ndani kabla ya kuoga.

Zaidi ya miaka thelathini baadaye nimeikuta ngozi ileile ndani ya jiwe.

Barabara ya R40 inapotoka Barberton kupanda hadi mpaka wa Bulembu, kuingia Eswatini, inakatiza milima ya Makhonjwa. Milima hii iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018, na pembezoni mwa barabara wameweka vibao vinavyoeleza mawe yake. Watu wengi huku wanaijua Barberton kwa dhahabu basi. Mimi nilikuwa napita na gari la kazi, nikampa lifti kijana anayesoma jiolojia. Yeye ndiye aliyenisimamisha, akatoa kwenye begi kipande cha jiwe la mchanga kilichokatwa na kung'arishwa maabara. Ndani yake mistari myeusi, myembamba kama ya penseli, inapanda na kushuka. Akaniambia huu ni utando wa bakteria, uliishi kwenye fukwe ya bahari miaka bilioni 3.22 iliyopita.

Nikamuuliza swali la mtoto wa pwani: wewe umejuaje kuwa ilikuwa fukwe na si kilindini?

Jibu lake lilituchukua hadi mpakani na kurudi. Naliweka hapa kwa vipande.

Chura wa Ikwiriri

Niko siti ya mbele, na karanga ninazo.

Dada_Msasani

Mkuu nimecheka hapo kwenye ngozi ya maziwa. Tiririka.

MwanaJaruba

Haya. Kwanza tuelewe utando wenyewe unafanya kazi gani, maana bila hilo mengine yataonekana uganga.

Mchanga wa ufukweni hautulii. Maji yakijaa unasogea, yakipwa unasogea. Sasa hawa bakteria, hasa sainobakteria ambao wanajipikia chakula kwa mwanga wa jua, wana nyuzi nyembamba na wanatoa ute. Nyuzi na ute vinazishika chembe za mchanga, wimbi la kawaida likija haliwezi kuzibeba tena. Mchanga mpya ukimwagika juu yao, wanapanda kuufuata mwanga, wanasuka ngozi nyingine. Ngozi, mchanga, ngozi, mchanga. Mahali ambapo maji yana chokaa ya kutosha, tabaka hizo zinaganda na kuinuka kuwa vichuguu vya jiwe. Hizo ndizo stromatolaiti, jina alilolitoa Mjerumani Ernst Kalkowsky mwaka 1908. Kwenye mchanga mtupu mara nyingi hakuna kichuguu, utando unabaki bapa, na ndiyo maana wataalamu waliupita kwa miaka mingi wakidhani ni mikunjo ya kawaida tu ya jiwe.

Anayetajwa sana kwa hawa wa mchangani ni mtafiti Nora Noffke. Alichunguza utando ulio hai kwenye kisiwa cha Mellum, Ujerumani, huko Bahari ya Kaskazini, kwenye mchanga unaofunikwa na maji kujaa na kuachwa wazi yakipwa. Alama alizoziona pale ndizo alizokuja kuzitafuta kwenye mawe ya kale, yakiwemo ya huku Afrika Kusini. Njia hiyo mimi naielewa. Mtu aliyewahi kukanyaga kitu kikiwa kibichi anakitambua hata kikikauka.

Ushahidi ulionikaa kichwani zaidi ni nyufa. Tope likikauka linapasuka, hilo halina mjadala. Mchanga mtupu ukikauka unafanyaje? Unapeperuka. Haupasuki hata siku moja. Kwa hiyo ukikuta jiwe la mchanga safi, lisilo na tope, limepasuka vipande na kingo zimejikunja kwenda juu kama chapati iliyosahauliwa juani, kuna kitu kilikuwa kimeushika mchanga ule ukawa kama kitambaa, na kitambaa hicho kikakauka. Kama kilikauka, basi maji yalikuwa yanaondoka na kurudi. Hapo swali langu la kina likaanza kupata jibu.

Kuna na vipande vya ngozi vilivyong'olewa na dhoruba, vikabiringishwa, vikazikwa mbali na kwao. Kuna uvimbe wa gesi: utando uliozikwa unaoza, gesi inapanda, inagonga ngozi ya juu isiyopitisha, inainua kama andazi. Tanga tulikuwa tunavipasua vile kwa vidole vya miguu.

Nyundo_na_Lenzi

Mleta mada umeanza vizuri, ila taratibu. Hicho ni kimoja kimoja. Mkunjo juu ya jiwe unaweza kutokea bila kiumbe chochote: tope laini likiburutwa na maji, tabaka zikiminywa, hata povu. Miye nimesoma jiolojia, nimefanya kazi migodini, nimeona "visukuku" vingi vilivyotengenezwa na minyano ya milima.

MwanaJaruba

Mkuu Nyundo karibu sana, nilikuwa naomba aje mtu wa aina yako. Nitakufikia.

Tuendelee na Barberton. Mawe yale yanaitwa Kundi la Moodies. Ni mchanga kwa sehemu kubwa, unene wake unapita kilomita 3 mahali pengine, na mistari ya utando inafuatika kwa zaidi ya kilomita 10 ukitembea na tabaka. Hicho si kidoa cha bahati mbaya. Christoph Heubeck na Martin Homann ndio waliofanya kazi kubwa pale. Mwaka 2015 Homann na wenzake walieleza kuwa utando ule una sura tatu. Kuna bapa, ulikaa kwenye uwanda wa pwani, upande wa nchi kavu. Kuna wenye mawimbi, ulikaa eneo linalofunikwa na kufunuliwa kila maji yanapojaa na kupwa. Na kuna wenye vishungi, yaani nyuzi zimejikusanya na kusimama kama nywele za mtoto aliyetoka usingizini. Wa vishungi ulikaa juu zaidi, pale ambapo maji yanafika kwa nadra.

Mnaona hapo? Sura ya utando inabadilika kulingana na muda unaokaa ndani ya maji. Mvuvi wa kwetu akitazama mikoko na majani ya ufukweni anakwambia bamvua, yale maji makubwa, huishia wapi. Wenzetu wanafanya hivyohivyo kwa utando, mahali ambapo mti wa kwanza ulikuwa bado zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu kutokea.

Na hawakuishia kwenye utando. Ndani ya mawe hayohayo kuna tabaka za mchanga na tope zilizopangana kwa mteremko, unene wake unapanda na kushuka kwa zamu. Kenneth Eriksson na Edward Simpson walizipima na kuandika mwaka 2000. Mchanga mnene uliwekwa siku za bamvua maji yana nguvu, mwembamba siku za maji mafu. Mwezi ulikuwa ukivuta bahari ya Barberton kama unavyovuta ya Pangani. Kwa hiyo utando unasema "hapa palikauka", na mchanga wa chini yake unasema "ni kwa sababu maji yalikuwa yanakupwa". Mashahidi wawili wasiofahamiana.

Chura wa Ikwiriri

Bamvua na maji mafu kwenye jiwe! Babu yangu angelia.

Mshika Neno

Bilioni 3.22 mmehesabu na nani? Kuna watu mnapenda namba kubwa mtishie wenzenu.

MwanaJaruba

Ndugu yangu Mshika Neno, swali ni halali kabisa. Namba haitoki kwenye utando. Katikati ya mchanga ule kuna tabaka za majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, na ndani ya majivu kuna chembe ngumu za zirkoni. Zirkoni inapozaliwa inakubali metali ya urani ndani yake na kuikataa metali ya risasi. Urani inaoza kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana, umepimwa maabara. Ukikuta risasi ndani ya zirkoni, unajua imetokana na urani, unapiga hesabu. Majivu yanaanguka mara moja, yanafunika ufuo, ufuo unaendelea. Ni kama muhuri wa posta.

Kama bado una shaka siyo ugomvi, tubaki kusoma pamoja.

Mshika Neno

Nimekusikia. Sijakubali, ila nimekusikia.

Mtu wa Ujiji

Wakuu, mimi niko Kigoma. Ziwani kwetu kuna mawe yana vichwa vya mviringo, ukivunja ndani yana duara duara kama kitunguu. Kwa hiyo Tanganyika ilikuwa bahari?

MwanaJaruba

Swali tamu hili. Mkuu, stromatolaiti zipo kweli Ziwa Tanganyika, watafiti wameziandika tangu miaka ya 1980. Hilo la kwako sijaliona, lakini si lazima jiwe la kitunguu litoke baharini. Bakteria hawa hawana ubaguzi. Bahari, ziwa, chemchemi ya moto, hata udongo wenye unyevu wanasuka. Ukienda Natron na Magadi kuna stromatolaiti zimekauka mlimani, makumi ya mita juu ya maji ya leo, na kwa hizo watu wamejua ziwa lilikuwa moja kubwa na lilifika wapi. Kule zimetumika kusoma ziwa.

Kwa hiyo utando peke yake haukwambii kuwa ni bahari. Ni ile mizunguko ya bamvua iliyosema bahari pale Barberton. Na mwaka 2018 timu ya Homann ikaonyesha kuwa Moodies hiyohiyo ina utando mwingine uliokaa nchi kavu, kwenye mikondo ya mito, na kemia ya naitrojeni yake haifanani na ya wale wa baharini. Milima ileile, tabaka za jirani, makazi mawili tofauti.

Nyundo_na_Lenzi

Sasa umeongea lugha yangu. Nishushe mifano miwili ya kuwapunguza watu kasi.

Wa kwanza ni Isua, Greenland. Mwaka 2016 Allen Nutman na wenzake walitangaza stromatolaiti za miaka bilioni 3.7, kwenye jiwe lililofunuka baada ya theluji kuyeyuka. Vichuguu vyenyewe vidogo, sentimita 1 hadi 4. Dunia nzima ikashangilia: uhai umesogea nyuma, na bahari yenye kina kifupi imepatikana papo hapo. Mwaka 2018 Abigail Allwood na wenzake wakaenda kuangalia pande za jiwe ambazo picha haikuonyesha. Wakakuta vingine vinachongoka kwenda chini. Wakakuta vile "vichuguu" ukivitazama kwa upande mwingine ni matuta marefu yaliyovutwa, na ndani havina tabaka za kujengwa. Wao wakasema ni jiwe lililofinyangwa na joto na mkandamizo. Nutman na wenzake hawakukubali, wanabishana hadi leo. Mimi niko na Allwood. Stromatolaiti inayoota kwenda chini sijawahi kuiona.

Na Allwood huyo si mtu wa kukataa kila kitu. Yeye ndiye aliyeongoza kazi ya mwaka 2006 kuhusu Strelley Pool, Pilbara, Australia Magharibi, miaka bilioni 3.43, sura saba tofauti za stromatolaiti kwenye mwamba mmoja wa pwani, kila sura na mahali pake. Alijua anachotafuta.

Mfano wa pili unakugusa wewe mleta mada. Wanafunzi wote tulifundishwa kuwa mikunjo ile ya ngozi ya tembo juu ya mchanga maana yake ni maji mafupi yenye mwanga, hasa kwa mawe ya baada ya wanyama kushamiri. Sasa Rowan Martindale wa University of Texas at Austin na wenzake wameikuta bonde la Dadès, Morocco, kwenye mawe ya Jurasiki ya miaka milioni 180 hivi. Mchanga ule ulishuka kilindini kwa maporomoko ya chini ya bahari, maji ya mita 180 au zaidi. Gizani. Jua halifiki huko la kulisha utando. Maelezo yao ni kuwa bakteria wale walikula kemikali zilizotoka kwenye mabaki yaliyokuwa yakioza ndani ya mchanga uleule ulioporomoka.

Sasa rudi kwenye kijana wako wa lifti. Angekuwa na mikunjo tu, angekosea bahari nzima.

MwanaJaruba

Mkuu nimenyoosha mikono. Ya Morocco nilikuwa nimeisikia juu juu, sikuwa nimeona inavyonikata. Ila angalia, nyufa za kukauka huwezi kuzipata mita 180 chini. Mikunjo ni shahidi anayeweza kuwa popote. Ngozi iliyokauka ikajikunja ni shahidi aliyekuwa mahali pamoja tu.

Nyundo_na_Lenzi

Hapo tumekubaliana. Ongeza na vishungi, kwa leo vinaota panapopata jua. Na kama una bahati, mashimo ya kuchimba: pale Moodies walichoronga mashimo 8 mwaka 2021 na 2022 kwa mradi wa kimataifa, ili wapate jiwe ambalo mvua na hewa havijaligusa. Jiwe la juu limeshaliwa, mkaa wa utando umepauka.

Dada_Msasani

Naomba niulize kama mtu wa kawaida. Kama vilikuwa kila mahali, mbona leo sivioni Coco Beach? Vimekufa?

MwanaJaruba

Havijafa, dada yangu. Vimefukuzwa.

Fikiria bahari isiyo na konokono, kaa, minyoo wala samaki wa kuchokonoa. Hakuna anayekula utando, hakuna anayefukua mchanga. Bakteria walitandika chini ya bahari bila bughudha kwa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Kisha wakaja wanyama. Mwanzoni walikuwa wapole: kule milima ya Ediacara, Australia, ambako Reg Sprigg aliona visukuku vile mwaka 1946, viumbe kama Dickinsonia walilala juu ya utando wakiunyonya, na utando huohuo ndio uliotuhifadhia sura zao kwenye mchanga ingawa miili yao ilikuwa laini kama uyoga. Kuanzia kipindi cha Kambria, chini kidogo ya miaka milioni 540 iliyopita, minyoo ikaanza kuchimba kwenda chini. Kitanda kikageuka shamba lililolimwa. Ngozi haiwezi kukaa juu ya shamba linalolimwa kila siku.

Ndiyo maana leo unaikuta pale ambapo wenye meno wameshindwa kuishi. Jaruba la chumvi ni mfano. Mwingine maarufu ni Hamelin Pool, Shark Bay, Australia Magharibi. Fungu lenye majani ya bahari limeziba mlango wa ghuba, jua linavuta maji, chumvi imefika kama mara mbili ya bahari ya kawaida. Konokono wengi hawavumilii. Stromatolaiti zimebaki zinakua kama theluthi ya milimita kwa mwaka. Kuna mahali magari ya kukokotwa yaliyobeba sufu yalipita juu ya utando zamani, na mikwaruzo ya magurudumu inaonekana mpaka sasa.

Watu wengi hapa wanateleza: wanasema stromatolaiti za kale zinaonyesha bahari ya kale ilikuwa na chumvi kali, kwa kuwa za leo ziko kwenye chumvi kali. Sivyo. Chumvi ya leo ni ngome yao. Zamani hawakuhitaji ngome.

Nyundo_na_Lenzi

Nakazia hapo. Na ukitaka kuona mlinzi akiondoka mwizi anarudi, tazama baada ya maangamizi ya mwisho wa kipindi cha Pemi (Permian), miaka milioni 252 iliyopita. Wanyama wengi wa baharini walikufa, na utando ukarudi kwenye bahari za kawaida: China ya kusini, Uturuki, Iran, Marekani ya magharibi. Mwanajiolojia akikuta utando mwingi kwenye bahari ya wazi ya wakati ule anajua wachimbaji hawapo kazini.

MwanaJaruba

Mwizi ni nani hapo mkuu? Walikuwa kwao tangu mwanzo.

Nyundo_na_Lenzi

Haya, mwenye nyumba amerudi.

Kamanda wa Mchongo

Mmeongea sana. Hela iko wapi?

Bin Wete

Ndugu Kamanda, hela iko huku. Assalam aleikum jamaa. Mimi ni mtu wa Pemba, wazee walihamia Muscat, nafanya kazi za mafuta jangwani. Kusini ya Oman kuna mawe ya chokaa yamefunikwa kote na chumvi, kilomita kadhaa chini ya mchanga. Kundi la Ara, wenyewe wanaita, la mpakani mwa vipindi vya Ediacara na Kambria, miaka milioni 540 hivi. Mengine ndani yamejengwa na utando wa bakteria: mengine yana mistari myembamba, mengine yana mabonge mabonge na matundu baina yake. Mafuta yanakaa kwenye matundu. Bahari ile ilikuwa ikijaa, ikikatika, ikikauka ikawa chumvi, ikajaa tena. Ukijua utando wa aina gani ulikaa sehemu gani ya ile bahari, unajua kisima ukipeleke wapi. Watu wanalipwa kwa kusoma ngozi hiyo anayoiita bamia.

Na ukitaka kuuona ukiwa hai, pwani ya Abu Dhabi upo, kwenye nyanda za chumvi nyuma ya mikoko. Mweusi, umekunjamana kama turubai. Harufu ni hiyohiyo ya yai.

Kamanda wa Mchongo

Sasa mnaongea. Tanga kuna mafuta?

MwanaJaruba

Kamanda, kapumzike.

Mama Gongoni

Mwanangu MwanaJaruba, nimesoma toka juu, na mimi si msomi wa mawe. Niko Gongoni, Kenya, chumvi nimeifanya tangu niolewe. Hebu nikusahihishe mahali pamoja. Umesema jaruba lisiloguswa ndilo linaota. Si yote. Majaruba ya mwanzo, yale maji ya bahari yanapoingia kabla hayajakolea, huwa tunauacha utando makusudi. Vibarua wapya wakitaka kuukwangua wazee wanawakataza. Ukishaukwangua, maji yananywewa na mchanga, unapata hasara. Ule ndio sakafu. Jaruba la mwisho, la kuvunia, huko ndiko tunausafisha, maana unachafua chumvi.

MwanaJaruba

Shikamoo mama. Hilo hakuna aliyeniambia, na linafungua kitu. Kumbe ndio maana gesi inashindwa kutoka, inainua uvimbe. Ngozi isiyopitisha maji kwenda chini haipitishi gesi kwenda juu.

Nina ombi. Kuna jaruba hapo lililokauka na utando wake? Nataka kujua linapasuka vipi, na chini yake ni mchanga au tope.

Mama Gongoni

Marahaba. Liko moja, mwenyewe aliliacha. Nitapita asubuhi.

Nyundo_na_Lenzi

Mama, ukipata nafasi angalia na matuta madogo ya maji, kama yote yanaelekea upande mmoja. Mellum waliona matuta ya pande mbalimbali kwenye uwanja mmoja: kila dhoruba inachora upande wake pale ambapo ngozi haijashika, na ngozi ikishashika haichoreki tena.

Mama Gongoni

Nimerudi. Ni mchanga, nimechimba kwa kijiko mpaka kifundo cha mkono, tope hakuna. Umepasuka vipande kama vigae, ukubwa wa sahani, kingo zimeinuka. Vingine upepo umevibingirisha mpaka ukingoni, vimejikunja kama tumbaku. Matuta ya upande wa bahari yanatazama huku, ya upande wa barabara yanatazama kule. Katikati hakuna matuta, kuna nyayo za mtu. Zimekauka na utando wake, hazijafutika.

MwanaJaruba

Mama, nyayo zina vidole?

Mama Gongoni

Zinavyo vyote vitano. Na kidole gumba cha kulia kimepinda, kwa hiyo namjua mwenyewe. Aliacha kazi kabla ya Ramadhani.